Msafiri akishafika huitwa nani?

Bibi alisukuma dirisha la jikoni, akaegemeza viwiko, akampazia sauti jirani wa ng'ambo ya uchochoro. Kituruki changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia, kwa hiyo maneno yake karibu yote yalinipita. Moja tu ndilo lililonigeuza shingo.

Misafir.

Nilikuwa Üsküdar, upande wa Asia wa jiji la Istanbul, nyumbani kwa wazazi wa rafiki niliyesoma naye. Begi langu lilikuwa bado mlangoni. Nilikuwa nimevishwa ndara za kitambaa zinazowekwa pale kwa ajili ya watu wa nje, viganja vimemiminiwa kolonya inayonukia limau, na glasi nyembamba ya chai imeshanifikia kabla sijakaa vizuri.

Nilimuuliza rafiki yangu kama bibi anamweleza jirani kwamba nimesafiri kutoka mbali. Akasema hapana, anamwambia tu kuwa leo wana mgeni. Misafir ni mgeni. Na msafiri je, yule aliye njiani? Huyo ni yolcu, akasema, mtu wa barabara. Akaendelea na chai yake. Kwake hapakuwa na cha ajabu.

Mimi sikuweza kuendelea. Neno ambalo kwetu linasimama stendi na begi mkononi, pale lilikuwa limevuliwa viatu na kukalishwa kwenye kochi, linaulizwa kama linaongeza sukari.

Tangu nirudi Tanga limekuwa likinijia wiki baada ya wiki, hasa usiku, na nimelifuata katika kila lugha ninayoweza kuichungulia.

Mu- mbili zilizokutana

Asili ya neno haina ubishi: ni musāfir la Kiarabu. Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi lilivyoingia kwetu. Katika Kiarabu ile mu- ya mwanzo ni alama ya mtendaji, kama ilivyo kwa muadhini au mu'allim. Katika lugha za Kibantu mu- ni alama ya mtu. Hazina undugu wowote. Zilizaliwa mbali, kila moja na ukoo wake, zikakutana kwenye midomo ya watu wa pwani kana kwamba zimeahidiana.

Wasafiri wakiwa wengi, Waarabu husema musāfirūn. Sisi tulisikia mu-, tukaitambua kuwa yetu, tukaweka wa- kwa wingi, na wasafiri wakapatikana bila kikao cha mtu yeyote. Mu'allim naye akawa mwalimu, akapata walimu wenzake.

Mzizi wenyewe, s-f-r, unabeba maana ya kufunua. Alfajiri inapokucha kabisa Waarabu husema asfara. Mwanamke aliyefunua uso ni sāfira. Balozi ni safīr, mtu wa kuondoa kiza kati ya pande mbili. (Sisi balozi tulimpata kwa njia nyingine kabisa: balyoz la Kituruki, lililotokana na bailo, mjumbe wa Venice aliyekaa Istanbul. Neno la balozi nalo lilikuwa na safari yake.) Wataalamu wa kale wa Kiarabu walieleza kwamba safari iliitwa hivyo kwa sababu inafunua tabia za watu, na kila aliyewahi kupanda basi la masafa marefu na rafiki mpya anajua walichomaanisha.

Hapa inabidi kuwa mwangalifu, maana Kiswahili hakitofautishi sini na sadi, herufi mbili za Kiarabu ambazo kwetu zote ni s. Mwezi wa Safar, ule tunaouita Mfunguo Tano, hauna uhusiano na safari. Una sadi, na mzizi wake ni wa utupu. Kutoka kwenye utupu huohuo ndiko ilikotoka sifuri. Sufuria nayo ina sadi, ila ni ya shaba. Masikioni mwetu vyote vinafanana, na inavutia sana kudhani sufuria ni chombo cha kupikia njiani. Sivyo.

Lakini iko ndugu ya kweli ya safari iliyoingia jikoni, na ndiyo iliyonifungulia mlango.

Chakula cha njia

Sufra, kwa Kiarabu cha kale, ni chakula anachoandaliwa mtu anayesafiri. Masurufu. Chakula hicho kilifungwa katika kipande cha ngozi cha duara, na msafiri akifika pa kupumzika hukikunjua chini na kula juu yake. Baadaye ngozi yenyewe ikaitwa sufra. Baadaye tena kitambaa cha kulia, na hatimaye meza.

Waajemi wakaichukua wakasema sofreh; siku ya Nowruz, mwaka wao mpya, familia nzima huizunguka sofreh yenye vitu saba vinavyoanza na herufi sini. Waturuki wakasema sofra, na kwao sofra si mbao na misumari, ni meza iliyokwisha kuandaliwa, yenye watu. Wabosnia, Waserbia, Wabulgaria na Waalbania wakaichukua kutoka kwa Waturuki.

Chakula cha kulia peke yako njiani kikawa meza ya kukalia pamoja nyumbani.

Nilipoliona hilo nilielewa kwamba msafiri hakuwa wa kwanza kuvuka kutoka barabarani hadi sebuleni. Ndugu yake alishamtangulia.

Barabarani na mlangoni

Ukilifuata neno kuelekea mashariki halibadiliki sana. Tehran, mosāfer ni abiria. Mtu anayebeba abiria kwa gari lake binafsi bila kuwa teksi rasmi huitwa mosāferkesh, mvuta abiria. Kwa Kihindi na Kiurdu musāfir ni msafiri hasa, yule wa nyimbo na mashairi, na mwenzi wa safari ni hamsafar, neno ambalo huambiwa pia mke au mume. Malaysia na Indonesia musafir yupo, lakini amevaa kanzu: ni msafiri wa vitabu vya fiqhi, anayeruhusiwa kufungua saumu na kufupisha sala. Mtalii wa kawaida wana neno jingine la kumwita.

Ukigeuka ukaenda kaskazini-magharibi, kila kitu kinabadilika. Kwa Mturuki misafir ni mgeni. Kwa Mromania musafir ni mgeni. Kwa Mualbania mysafir ni mgeni. Mgiriki, ambaye ana neno lake la heshima la xenos lenye umri wa maelfu ya miaka, bado husema musafiris anapozungumza kwa ukaribu. Kote ambako Dola ya Uthmaniyya ilitawala kwa Kituruki, msafiri alikuwa ameshafika.

Kwa nini?

Maelezo ya kwanza yaliyonijia ni kwamba Waturuki walikuwa na yolcu tayari kwa ajili ya aliye barabarani, kwa hiyo neno la kuazima likakosa kazi njiani na kuitafuta ndani ya nyumba. Sisi ilikuwa kinyume: tulikuwa na mgeni, neno la Kibantu ambalo Waganda nao wanalo, omugenyi, kwa hiyo mlango ulikuwa umeshachukuliwa, msafiri akabaki njiani. Niliyapenda maelezo haya kwa siku kadhaa. Kisha nikagundua hayasimami. Waturuki walikuwa na neno lao la mgeni pia, konuk, kutoka konmak, kutua, kama ndege au kama watu wa mahema. Tena tangu miaka ya 1930, serikali ilipoanza kusafisha lugha kwa kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi, konuk ndilo lililopendelewa. Misafir halikuondoka. Nyumba nyingi bado zina misafir odası, chumba cha wageni kilichopangwa vizuri kuliko vyote, ambacho watoto hawaruhusiwi kukichezea.

Kwa hiyo halikuwa suala la nafasi iliyo wazi.

Ninachokiamini sasa ni hiki. Katika miji na njia kuu za Uthmaniyya kulikuwa na nyumba za wakfu, za imaret na za musafirhane, ambako mpita njia alipewa chakula na malazi, kwa kawaida hadi siku tatu, kwa kufuata hadithi ya Mtume isemayo ukarimu kwa mgeni ni siku tatu. Kwa mpishi wa imaret, msafiri hakuwa mtu anayekwenda. Alikuwa mtu aliyesimama mbele yake na bakuli. Kwa mwenye kijiji cha Anatolia, msafiri alikuwa mtu anayebisha usiku wa theluji. Waturuki wana msemo kwa huyo, Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu: yule asiyetarajiwa, asiyejulikana, ambaye humwulizi jina kabla hajala.

Neno lilibadilika kwa sababu waliokuwa wakilitamka walikuwa wamesimama mlangoni.

Waarabu waliliunda neno kwa macho ya anayeondoka. Hadithi nyingine inasema safari ni kipande cha adhabu, inamnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Kiswahili kililishika upande huohuo. Msafiri masikini ajapokuwa sultani, tunasema, na ukisema hivyo umesimama kwenye vumbi pamoja naye. Mturuki alikuwa ameshika kitasa. Methali yao inasema mgeni huja na riziki kumi, akala moja, akaacha tisa. Sisi tunayo yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Wazo ni lilelile, ila wao wamelitia katika neno la barabara.

Kwa muda fulani nilitaka makala haya yaishie hapa. Ingekuwa makala ya furaha. Lakini siku ya mwisho Istanbul nilikwenda kunyoa.

Kinyozi wa Fatih

Fatih iko upande wa Ulaya, na baadhi ya mitaa yake ina mabango ya Kiarabu na harufu ya kahawa ya iliki. Kinyozi alikuwa mtu wa Halab, mji ambao ramani nyingi huuita Aleppo. Nilijieleza kwa Kiarabu changu cha madrasa: ana musāfir, napita tu. Akasimamisha mashine.

"Basi tuko wawili, akhi," akasema. "Mimi ni misafir hapa tangu 2013."

Alinieleza taratibu, huku akifanya kazi yake. Wasyria wenzake walipoanza kuingia Uturuki wakikimbia vita, viongozi kwenye televisheni waliwaita misafirlerimiz, wageni wetu. Mwaka wa kwanza lilimpa faraja, kwa sababu majirani walikuwa wakilitendea kazi: supu ililetwa, blanketi zililetwa. Miaka ilipozidi kwenda, sikio lake la Kiarabu likaanza kulisikia neno kwa namna yake. Kwa Kiarabu mgeni ni dhayf (si ndugu wa dhaifu letu, ingawa pale kitini yalinigongana kichwani). Musāfir ni mwingine.

"Kwetu," akasema, "musāfir ni mtu ambaye tiketi yake ina tarehe."

Niliporudi nyumbani nilisoma sheria yenyewe. Uturuki iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa sharti ambalo haijaliondoa hadi leo: hadhi kamili ya ukimbizi ni ya wanaotoka Ulaya tu. Msyria hakuweza kuwa mkimbizi kisheria. Kanuni ya ulinzi wa muda ilitolewa Oktoba 2014, na kanuni ya vibali vya kazi kwa walio chini ya ulinzi huo ikaja Januari 2016. Kabla ya hapo mamilioni ya watu, ambao idadi yao ilikuja kupita milioni 3.5, walisimama juu ya neno moja la ukarimu.

Na neno la ukarimu halina mahakama. Mgeni hadai. Waturuki wenyewe husema mgeni hali alichokitarajia, hula alichokikuta. Ni adabu nzuri sana kwa chakula cha jioni. Kwa mtu mwenye watoto wanaotakiwa kusoma, kodi ya pango na mwajiri anayemlipa nusu ya mwenzake, adabu hiyo inamfunga mdomo.

Waturuki wanajua jambo hili kuliko wengi. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitia saini nao makubaliano ya kuchukua wafanyakazi, na wale waliopanda treni kwenda viwandani waliitwa Gastarbeiter, wafanyakazi wageni. Kwa Kituruki likatafsiriwa misafir işçi. Walitarajiwa wafanye kazi kisha warudi. Wajukuu zao wako Berlin na Köln mpaka leo.

Kinyozi alikuwa na neno jingine la mzizi huuhuu, alilolirithi kwa bibi yake: safarbarlik. Mwaka 1914 Uthmaniyya ilipotangaza kukusanya wanaume wote kwa ajili ya vita, tangazo liliitwa seferberlik, maana sefer la Kituruki ni safari na pia ni safari ya kivita. Syria, Lebanon na Palestina neno likabaki na maana ya vijana waliochukuliwa wasirudi, na ya njaa iliyofuata. Waarabu walimpa Mturuki neno la safari, naye akawarudishia likiwa na bunduki begani.

Nililipa, nikavuka bahari kwa pantoni kurudi Üsküdar, na bibi alikuwa ameandaa chakula cha kuniaga. Nilikula kwa shida. Hakuna aliyenidanganya katika nyumba ile. Upendo wake ulikuwa wa kweli na neno lake lilikuwa la kweli. Ila mimi nilikuwa na tiketi yenye tarehe, na wote wawili tulijua, na nadhani ndiyo sababu lilitukaa vizuri.

Aliye nje, aliyeondolewa, aliyebebwa

Baada ya hapo nilianza kulitazama neno kwa jicho jingine, na likaniletea sura ambazo sikuzitafuta.

Malta ni kisiwa, na Kimalta ni mtoto wa Kiarabu. Kwao imsiefer ni mtu aliye nje ya nchi. Kinachotajwa si barabara wala mlango. Ni kiti kilichobaki wazi. Ukiuliza fulani yuko wapi ukajibiwa imsiefer, umeambiwa kwamba hayupo.

Kisomali kinalo safar kama sisi. Lakini kinalo pia masaafurin, na hilo ni kumwondosha mtu nchini kwa nguvu. Ndilo neno linalotumika kwenye taarifa za habari Wasomali wanaporudishwa kwa ndege kutoka Marekani au Ulaya. Msafiri kwa amri ya mwingine.

Kihausa kina safara, na maana yake ilielemea kwenye biashara, kupeleka mali kutoka huku hadi kule. Safarar mutane ni biashara ya kuuza watu. Niliposoma hilo nilinyamaza, kwa sababu sisi nasi tulifika palepale kwa njia yetu: Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Kitenzi kile kile, kimeongezwa -ish-, na aliyekuwa akienda kwa miguu yake sasa anapelekwa.

Safari ya Kiingereza nitaipita haraka, kila mmoja wetu anaijua. Walilichukua katikati ya karne ya 19 likiwa na maana ya msafara, wakati njia ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikuwa imejaa wapagazi wa Kinyamwezi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, na yeye na mwanawe Kermit wakapiga wanyama 512. Tangu hapo neno limebaki na wanyama. Siafu wetu huitwa kwa Kiingereza mchwa wa safari... hapana, chungu wa safari, na huko hata wao wamepewa haki zaidi ya jina hilo kuliko watu waliobeba mizigo.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kidogo sana. Tunasema safari hii: safari hii tumeshinda, safari hii sikubali. Maana yake ni mara hii. Waturuki husema bu sefer, neno kwa neno, kwa maana hiyohiyo. Kiarabu cha kawaida hutumia marra, ndiyo mara yetu, ambayo nayo inatokana na kitenzi cha kupita. Mturuki na Mswahili hawakukaa pamoja kuamua kwamba tukio ni safari, na kwamba maisha yanahesabika kwa kuondoka na kurudi. Wote wawili waliliona.

Siku ya nne

Sasa nirudi kwetu, kwa mgeni, kwa sababu hapa ndipo panapouma.

Tunajisifu kwa ukarimu na mara nyingi tunastahili. Lakini methali tunayoinukuu kuliko zote ni ile ya jembe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapo wazee wa pwani wanaolijua shairi lake refu, ambalo siku ya kwanza mgeni hupewa mchele na panza, siku ya nne jembe akalime, na siku ya kumi mateke na magumi. Tangu utotoni nimeisikia ikisemwa kwa namna ya kumfukuza mtu. Umekaa vya kutosha, shika jembe.

Kinyozi wa Fatih amenifanya niisikie upya. Hakulalamika kwamba alifanyishwa kazi. Alilalamika kwamba kwa miaka mitatu hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi kwa jina lake. Alikuwa kwenye siku ya kwanza, siku ya supu, na siku ya jembe haikufika. Jembe ni chombo cha mtu wa nyumbani. Humpi mpita njia jembe lako. Ukimpa, umemwonyesha pia shamba, na anayelima atauliza habari za mavuno.

Sisemi methali ilitungwa kwa nia hiyo. Yale magumi ya siku ya kumi yananizuia kusema hivyo. Nasema tu kwamba tumewahi kuitenda kwa upande wake mzuri.

Mwaka 1972 Warundi kwa maelfu walivuka kuingia Tanzania wakikimbia mauaji. Walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, misitu yenye mbung'o, wakapewa ardhi. Wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakala wakauza, wakalipa kodi. Watoto wao wakazaliwa, nao wakazaa. Kuanzia 2014 watu zaidi ya 160,000 kati yao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Ilichukua zaidi ya miaka 40 na haikwenda bila misukosuko, lakini sijui nchi nyingi duniani zilizowahi kufanya jambo kama hilo kwa watu wengi kiasi hicho. Jembe lilitangulia, cheti kikafuata.

Kiswahili kina kitenzi kwa mtu wa namna hiyo: kulowea. Kulowea ni kukaa ugenini mpaka ugenini pawe kwako. Ni bahati mbaya kwamba mlowezi, neno lililozaliwa humo, tulilipa wakoloni walionyang'anya mashamba, na sasa ni vigumu kumwita jirani mlowezi bila kumtukana. Tungelihitaji. Msafiri ni wa njiani, mgeni ni wa mlangoni, na hakuna hata mmoja kati yao anayebaki.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Walioingia kuanzia miaka ya 1990 hawakupata zamu ya Katumba. Sheria ilibadilika, na kutoka kambini ni kwa kibali. Yupo mtu aliyezaliwa humo mwaka 1997. Anazungumza Kiswahili, pengine kizuri kuliko changu. Hajawahi kukimbia kutoka mahali popote, na bado tunamwita mkimbizi. Hajasafiri. Si mgeni, kwa kuwa hakuna mahali pengine alipopazoea zaidi. Nimepanga majina yote haya mezani na hakuna linalomkaa.

Wasomaji wa Kasulu na Kibondo, ninyi mnaoishi nao, mnaouziana nao mihogo na vitenge: nyumbani kwenu, mkizungumza wenyewe kwa wenyewe, mnawaitaje?